Sahani ya Jirani wa Nyuma

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maliza kabisa, ufute na machozi. Nikishaanza sitaki kukatizwa. Habari hii nimeisimulia kanisani, nimeisimulia kwenye treni ya kwenda mjini, na kila mara hakosi mtu wa kuniuliza kama siku hizo nilikuwa nalala vizuri. Nililala vizuri sana, ahsante. Nilikuwa na akili zangu zote, jua lilikuwa la utosi, na mkononi nilishika kapu la nguo. Yalitokea Minto, hapa hapa Sydney, katika nyumba ninayokaa mpaka leo. Anayebisha aje nimwonyeshe ua wenyewe.

Kwanza uelewe tulivyokuwa tunaishi. Mimi ni Mrundi, lakini nimekulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma. Kambini hujui upweke ni nini. Jirani akikohoa, unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Akikaanga kitunguu, watoto wako wanajua kabla ya watoto wake. Halafu tukaletwa Australia, mimi, mume wangu Deo na binti yetu Keza aliyekuwa bado ananyonya, tukapewa nyumba ya matofali yenye maji ya moto bombani, na kimya. Kimya, jamani! Mchana ungedhani mtaa mzima umehamishwa na sisi tukasahauliwa. Magari yanatoka asubuhi, yanarudi jioni, milango inafungwa. Hakuna hodi. Hakuna anayekuja kuomba chumvi. Nilikaa pale miaka, na jirani pekee aliyenisemesha alikuwa mbwa.

Deo alipata kazi kwenye ghala, kule kwenye viwanda, akawa anaondoka alfajiri. Mimi nilitunza wazee kwenye nyumba yao, zamu za jioni na za wikendi. Kwa hiyo mchana wote nilikuwa nyumbani na Keza, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne na mdomo usiofungwa. Alinifuata chumba hadi chumba akiongea Kiswahili changu cha kambini kilichochanganyika na Kiingereza cha katuni. Nilimpenda kupita kiasi. Lakini mtoto si mtu wa kuongea naye habari za kupanda kwa bei ya unga. Nilikuwa na njaa ya jirani, nakwambia ukweli. Likumbuke hilo, kwa sababu ndio mlango alioingilia.

Sasa, nyumba za mtaa wetu zilijengwa kwa namna ya ajabu, zimepeana migongo. Nyuma ya jiko langu kuna uwanja mdogo wa majani, kisha ua wa mbao, kisha uwanja wa jirani wa nyuma na mlango wake wa jikoni. Upande wake wa mbele ulikuwa kwenye njia nyingine kabisa, mpaka uzunguke mtaa mzima ndipo uuone. Sikuwahi kuzunguka. Ningezunguka kutafuta nini?

Siku hiyo ilikuwa ya joto la kutisha, saa saba mchana. Kwetu wazee huwakataza watoto kucheza nje saa hiyo, wanasema ni saa ya wenyewe, wale wasioonekana. Lakini nani anayakumbuka hayo akiwa na nguo za kuanika? Nilikuwa nazungusha ile kamba yao ya kuanikia, ile inayosimama kwa mguu mmoja kama mwamvuli, mara nikasikia sauti.

"Hot enough for you, love?"

Nikageuka. Juu ya ua nikamwona bibi wa Kizungu, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, gauni la nyumbani la maua ya buluu, na mikononi sahani iliyofunikwa kitambaa.

Moyo uliniruka, na wala si kwa hofu. Kwa furaha! Jirani! Na ana sahani!

"Nimeoka nyingi mno," alisema kwa Kiingereza chao cha kuburuta, maana hapa hata mtu usiyemjua anakuita love. "Chukua, love. Mpe na mdogo."

Nilipokea kwa mikono miwili na goti nikalikunja kidogo, kama nilivyofunzwa. Vidole vyake viligusa vyangu, na vilikuwa baridi kama vimetoka kwenye friji, siku ambayo kiberiti kingejiwasha chenyewe. Nikasema moyoni, damu ya wazee haizunguki vizuri, mimi si ndiyo kazi yangu? Kwenye sahani kulikuwa na skonzi zimepangwa kwa adabu. Sahani yenyewe ilikuwa nyeupe, na mstari wa kijani ukingoni.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mwenyeji wa hapa asingelifanya hata kwa kulipwa. Mwenyeji angeosha sahani, airudishe, aseme thank you, mambo yaishe. Lakini kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mama yangu alikuwa tayari kurudisha bakuli na viazi viwili tu ndani yake, siku ambayo viazi vyenyewe vilikuwa viwili. Basi kesho yake nikapika mandazi ya iliki, nikaijaza sahani ile mpaka ikaota nundu, nikampelekea uani saa ile ile.

Aliipokea, akanitazama kwa muda mrefu. Macho yakamlowa.

"Kumbe wewe ni mtu wa kurudisha," alisema.

Nilifikiri ananisifu!

Tukaanza ujirani. Saa saba ya kila siku niliyokuwa nyumbani, nilimkuta pale pale kwenye ua. Aliniuliza habari za kwetu, nikamweleza. Alinieleza habari za mtaa wa zamani, watoto walivyokuwa wanajaa njiani na baiskeli. Sahani ilirudi na keki, nami nikataka kuiosha nimpe, akausukuma mkono wangu. "Baki nayo, love. Niwekee." Nikampelekea maharage kwenye bakuli langu, akabaki nalo. Akaleta biskuti kwenye bakuli la kioo, "niwekee". Nikapeleka ndizi za nazi kwenye sufuria yangu ndogo, akabaki nayo. Zikaja sahani nyingine za mstari wa kijani. Likaja buli la chai. Kikaja kitambaa cha meza. Ikaja saa ya kuweka kabatini, na ndani ya kikapu cha mkate zikaja ndara za manyoya za buluu. Niliona ajabu kidogo, lakini wazee wana mambo yao. Nikaziweka kando ya mlango wa jikoni.

Ungeniuliza wakati ule, ningekwambia Mungu amenikumbuka.

Dalili zilikuwepo, sikuzitazama. Unawajua sisimizi wa nchi hii? Ukidondosha chembe moja ya sukari, wanafika kabla hujainama kuiokota. Sahani za bibi nilizilaza mezani usiku kucha, na hakuna sisimizi hata mmoja aliyezisogelea. Skonzi zenyewe hazikuwa na harufu. Deo alikuwa anazila akirudi kazini, anatafuna, anakuna kichwa.

"Iko tamu, Mama Keza," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. "Mais nikimaliza, njaa iko pale pale."

Na mwanangu? Hilo ndilo linalonitia baridi hadi leo. Keza aliacha maharage kwanza, halafu wali, halafu akawa hali kitu ila cha bibi, na kila alivyokula ndivyo mikono yake ilivyokuwa myembamba. Mdomo usiofungwa ukafungwa. Nilipomwita kwa Kiswahili alinitazama kama mtu anayesikia redio ya jirani. Akawa anakaa kwenye majani karibu na ua, mikono mapajani, ameketi kizee. Asubuhi moja nilimwekea uji, akausogeza taratibu, akasema, "No thank you, love."

Love! Mwanangu aliniita love, kwa sauti ile ile ya kuburuta. Nilimpeleka kwa daktari, akapimwa masikio na tumbo, nikaambiwa watoto wa umri huo huchagua chakula. Nikarudi naye nyumbani nikilia kwenye basi.

Wiki ile ile akabisha hodi bwana mmoja mwenye kizibao cha rangi ya chungwa. Serikali ilikuwa inabomoa nyumba zake za zamani ijenge mpya, na safu ya nyuma yetu ilikuwa imefikiwa. Akaniambia Alhamisi nifunge madirisha, kutakuwa na vumbi. Upande wetu hautaguswa.

Nikamuuliza, "Na yule bibi wa nyuma atahamia wapi?"

Akauliza bibi gani. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa. Nyumba ile haina mtu, haina umeme, haina maji, alisema. Bibi aliyekuwa akikaa humo alifariki kabla sisi hatujafika mtaani. Walikuwa wanataka kumhamishia kwingine, akakataa kata kata, akasema kama hatabaki mtaani kwake basi atoke amebebwa. "Na ndivyo alivyotoka, maskini," alisema yule bwana, akaniaga na kwenda mlango wa pili.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilisema huyu kakosea nyumba. Nikamshika Keza mkono, nikazunguka mtaa mzima kwa mara ya kwanza. Nilifika mbele ya nyumba ile. Mlango ulikuwa umepigiliwa mbao, madirisha mbao, majani magotini, na utando wa buibui toka nguzo hadi nguzo. Hapakuwa na njia hata ya paka.

Keza alinivuta gauni.

"Nan's not in there, Mummy," alisema kwa upole, kama anayemfundisha mtu mzito wa kuelewa. "Nan's nearly at our place." Nan ndiyo bibi kwa Kiingereza cha hapa, na eti karibu anafika kwetu!

Nilimbeba mgongoni, mtoto wa miaka minne, nikarudi mbio. Nilipofika jikoni kwangu nikasimama. Kwa mara ya kwanza nikatazama kwa macho. Sahani za mstari wa kijani zilikuwa rafuni. Buli lilikuwa juu ya jiko, kitambaa mezani, saa kabatini inatembea, na hakuna mtu aliyewahi kuitia ufunguo. Ndara ziko mlangoni, zimeelekea ndani. Na vyangu viko wapi? Sufuria yangu? Bakuli langu la plastiki la rangi ya chungwa nililotoka nalo kambini? Hakuna. Jikoni mwangu mwenyewe nilikuwa mgeni. Yule bibi alikuwa anahama, wewe! Anahamia kwangu sahani kwa sahani, na mpagazi wake ni mimi.

Nikasikia ananiita uani. Ilikuwa saa saba.

"Umekwenda kuona," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa na furaha kama bibi harusi. "Alhamisi wanaiangusha. Sina wasiwasi, nimeshamaliza karibu vyote. Nimebaki mimi tu. Alhamisi sahani yangu aniletee mdogo mwenyewe, na uijaze vizuri kama kawaida yako. Mimi nitarudi naye."

Akamtazama Keza. Keza akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa la mwanangu, lilikuwa la kizee, la upande mmoja. Nikajua anaposema atarudi naye, hana maana ya kushikana mikono.

Sasa sikiliza tulivyohangaika. Nilimpigia simu Njeri, nesi Mkenya wa Campbelltown anayeongoza kwaya yetu, mwanamke asiyeogopa damu wala bosi. Jumatano alikuja na kwaya nzima, mafuta ya upako, gitaa na kila kitu. Tukasimama uani tukaukabili ua, tukaimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa kumfukuza shetani mpaka mbao zikatikisika. Tukatua kuvuta pumzi. Ng'ambo ya ua ikapanda sauti ya kizee, kwa Kiingereza, ikaimba ubeti wa pili.

Niamini. Wote walisikia. Naye aliujua wote, bila kitabu.

"Wee!" Njeri alinong'ona, macho yamemtoka. "Huyu ni Mkristo! Na anashika alto kutushinda! Sasa tutamkemea tukitumia nini?"

"Endeleeni kuomba," nilimwambia.

"Tutaomba, lakini kila mtu kwake. Mimi niko na shift, my dear. Wacha nikimbie."

Zamu hiyo ilitoka wapi hata sijui, alikuwa amevaa nguo za kanisani. Uwanja ukabaki mtupu, na gitaa la watu limesahauliwa kwenye majani.

Deo aliporudi nikamweleza yote. Alikaa chini, akamtazama Keza aliyekuwa ameketi kimya mikono mapajani.

"Écoute, sikiliza, Mama Keza," alisema. "Tuhame. Nyumba iko mingi. Kesho asubuhi naongea na watu wa housing, hata tukalale kwa pasta. Tumchukue mtoto tuende tu."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilihama Burundi nikiwa mgongoni mwa mama. Nikahamishwa kambi moja kwenda nyingine, magodoro kichwani. Nimekimbia watu wenye bunduki, nimekimbia moto, nimekimbia mpaka nchi zikaniishia. Halafu nikimbie bibi wa skonzi? Nilimwambia Deo, "Mimi nimemaliza kuhama. Safari hii anahama yeye." Na tena, tungekwenda wapi na mtoto yule? Aliyekuwa anachukuliwa ni Keza, si nyumba. Tungemhamisha Keza na yule bibi tayari ameshatia mguu mmoja ndani yake.

Nikaenda kuosha vyombo, maana nikikasirika huwa naosha vyombo. Nikaishika ile sahani ya kwanza, ya mstari wa kijani. Deo ndiye aliyekuwa ameilia dagaa wa kukaanga, mafuta mekundu yameganda ukingoni na miiba iko pale. Nikafungua bomba. Na hapo, jamani, mama yangu akanijia. Si mzimu, wamenitosha! Akanijia kwa kumbukumbu tu. Kambini alikuwa na shoga yake, mama mmoja jirani, walipelekeana vyakula miaka na miaka. Siku walipokosana hawakutukanana, hawakurushiana mawe. Yule mama alirudisha bakuli la mama yangu likiwa tupu. Tena halijaoshwa. Alilisimamisha mlangoni kwetu mchana kweupe, nasi watoto tukajua bila kuambiwa kuwa ujirani umekufa. Mama yangu alilia siku ile kuliko alivyolia msibani. Hakukanyaga tena mlangoni kwa yule mama mpaka tunaondoka.

Nilifunga bomba. Ile sahani nikairudisha kabatini na uchafu wake.

"Unafanya nini?" Deo aliuliza.

"Nakosa adabu," nilimwambia.

Alhamisi katapila lilifika asubuhi, likaanza nyumba za mwisho wa safu na kuja upande wetu. Ardhi ilikuwa inatetemeka. Saa saba mafundi wakazima injini, wakaenda kula kivulini, na nyumba ya bibi ikabaki ndiyo inayofuata. Deo alikuwa ameomba ruhusa kazini, akasimama mlango wa jikoni. Mimi nikatoka na kapu la nguo limejaa vyombo vya watu, Keza akinifuata nyuma kwa hatua ndogo ndogo.

Bibi alikuwepo, amevaa gauni jingine, la kutokea, na lipstiki. Alikuwa amejiandaa! Nilimhurumia, sitakuficha. Mpaka leo namhurumia. Mtu hakutaka kitu ila kubaki mtaani kwake. Lakini huruma ina mipaka, na mpaka wangu ulikuwa umenishika gauni.

Nilichukua bakuli la kioo, nikamnyooshea juu ya ua. Akapokea, akachungulia ndani. Tabasamu likasita.

"Hamna kitu, love?"

"Hamna," nikasema.

Buli, tupu. Zile sahani nyingine, tupu. Kikapu cha mkate, kitupu. Kitambaa chake cha meza na madoa ya chai. Saa. Ndara, moja moja. Deo anaapa hadi kesho kwamba hakumwona mtu. Aliniona mimi tu nikinyoosha vyombo kwenye hewa, vikitoka mkononi mwangu, na hakusikia hata kimoja kikianguka upande wa pili.

Unajua kilichokuwa kigumu? Si hofu. Ni ulimi! Ulimi wangu ulikuwa unawasha kusema samahani, kesho nitaleta, nilichelewa sokoni. Malezi ni mzigo, ndugu yangu. Niliuma meno mpaka taya likauma. Mwisho nikaitoa ile sahani ya kwanza, nikainyanyua aione vizuri, na dagaa wake na mafuta yake.

"Na hii sikuiosha," nilimwambia kwa Kiswahili, na alinielewa, nakuhakikishia.

Alirudi nyuma nusu hatua. Kisha akainama, akainuka na sahani nyingine, imejaa keki ya sukari nyeupe juu. Hakuninyooshea mimi. Aliishusha upande wa Keza. "Come on, darling," alisema. "Come to Nan."

Keza akaachia gauni langu, akapiga hatua. Mikono yangu ilikuwa na sahani chafu, sikuwa na mkono wa kumshikia, nikafanya lililonijia. Niliiteremsha sahani ya dagaa mbele ya pua ya mwanangu.

Akasimama. Pua ikacheza. Unaijua harufu ya dagaa wa Kigoma, au wale wa pakiti wanaojifanya wa Kigoma? Haina kiburi, lakini haipuuzwi. Keza aliinua kidole, akakizungusha kwenye yale mafuta mekundu, akakiweka mdomoni. Akakilamba. Akakirudisha tena. Nikaona macho yake yanajaa taratibu, kama mtungi chini ya bomba, mpaka aliyekuwa ananitazama akawa ni binti yangu.

"Mama," alisema. "Njaa. Mama, mimi njaa! Nataka na ugali!"

Nikampa bibi sahani yake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na yeye aliijua hiyo kabla yangu. Aliishika ile sahani chafu, akaitazama, akanitazama, na uso wake ukawa kama wa mama yangu siku ile mlangoni. "Well," alisema polepole. "I can take a hint." Yaani ameelewa, hana haja ya kuambiwa zaidi. Akageuka, akaenda zake kwenye mlango wake wa jikoni uliopigiliwa mbao, akaingia bila kuufungua.

Nilipiga vigelegele! Nilivipiga mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye nyaya. Vigelegele vya harusi, vya kuzaliwa mtoto, vya miaka yote ya kimya kile, nikaviachia hapo Minto mchana kweupe huku Deo akimrusha Keza juu na Keza akidai ugali. Na dirisha la nyumba ya kushoto likafunguliwa, ambalo sikuwahi kuliona limefunguliwa, akatokeza mama mmoja mwenye vibano vya nywele kichwani.

"You right there, love?" aliuliza.

Kusikia hiyo love, Deo alikimbilia ndani na mtoto. Mimi nilimtazama yule mama miguuni mpaka nikahakikisha ana kivuli. Ndipo nikamjibu.

Mafundi walirudi, katapila likanguruma, na ukuta wa jiko la bibi ukaanguka kwa kofi moja. Vumbi lilipotulia, yule bwana wa kizibao akapanda kwenye matofali, akasimama anashangaa. Kwenye nyumba isiyofunguliwa miaka, rafu ya jikoni ilikuwa bado imesimama, na juu yake vyombo vyangu vyote. Sufuria yangu. Bakuli langu la rangi ya chungwa. Chakula changu kilikuwa humo humo, maharage, ndizi, mandazi ya iliki juu ya kifuniko, vimekauka kama mawe, havijaonjwa. Alivikusanya akaja navyo kwenye ua.

"These yours?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshanyoosha mikono. Nikairudisha haraka. Ningekuwa mjinga kiasi gani nipokee chombo kutoka upande ule kikiwa na kitu ndani?

"Tip it out," nilimwambia. "Mwaga kwanza. Yote. Huko huko kwako."

Alinitazama kama mwenda wazimu, lakini akamwaga. Bakuli langu nikalipokea likiwa tupu, na siku hiyo hiyo Keza akala ugali humo, akaramba, akaomba tena.

Sasa nyuma yetu pana nyumba mpya zenye vigae vizuri. Keza yuko shule, na mdomo wake haufungwi. Walimu wananiandikia juu ya hilo na mimi nafurahi. Nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu kwa Kiingereza akipenda, kama watoto wote wa hapa, lakini nikikaanga dagaa huja mwenyewe bila kuitwa. Skonzi siwezi kuila tena, hata ya kanisani. Na yule mama wa vibano vya nywele tumekuwa majirani wa kweli. Mara ya kwanza alipoleta keki ya ndizi niliipokea, nikaiweka chini kwenye zege mbele yake, nikangoja. Alidhani ni mila yetu. Sisimizi walipofika, tena wengi, nilimkumbatia mpaka miwani ikamtoka.

Kwa hiyo wewe unayeishi kwenye mitaa hii ya kimya, unayetamani hodi kama nilivyoitamani mimi, jirani akikuletea sahani ipokee, tena kwa mikono miwili. Lakini iweke chini kwanza, uwatazame sisimizi. Wasiposogea, usiilete ndani wala usimwonjeshe mtoto. Irudishe tupu, irudishe chafu, na hata ulimi ukikuwasha vipi, usiombe radhi.